Una tovuti, lakini Google haikujui: SEO ya biashara ndogo bila ujanja ujanja

Ukiwa na biashara na namba yako ya simu iko hadharani, huenda umeshatumiwa ujumbe wa aina hii: "Habari boss, tunakuweka ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya siku 7, bei poa." Mwingine anakuja na kifurushi cha "maneno 50 ya SEO". Wa tatu anasema tovuti zimepitwa na wakati, siku hizi kila kitu ni Instagram na TikTok. Katikati ya makelele hayo yupo mwenye karakana ya samani Keko, mwenye gesti Nungwi, mwenye saluni Sinza, na wote wana swali lile lile: tovuti nimeilipia, ipo, inafunguka, mbona hakuna hata mmoja anayenipigia akisema amenikuta Google?

Sehemu kubwa ya jibu mwenye biashara anaweza kuishughulikia mwenyewe, kwa simu yake na jioni chache za utulivu. Wauzaji wa vifurushi hawapendi kulisema hilo. Lakini kwanza tuelewane kwenye maneno.

SEO (kifupi cha Kiingereza cha search engine optimization) ni kazi ya kuiweka tovuti katika hali ambayo mtambo wa utafutaji unaweza kuifikia, kuielewa na kuionyesha kwa mtu anayetafuta kile unachouza. Mitambo iko kadhaa, Bing ya Microsoft ikiwemo, ila huku kwetu mtu akisema "nimesearch" ana maana ya Google, kwa hiyo nitaisema hiyo. Ukitafuta kitu, Google inakuletea makundi mawili ya majibu. Kuna matangazo, yaliyolipiwa na yenye alama ya kuonyesha kuwa yamedhaminiwa. Kisha kuna matokeo ya kawaida, ambayo hayalipiwi. SEO inahusu hayo ya pili. Masoko ya mtandaoni ni jina la jumla linalobeba vyote: SEO, matangazo, Instagram, WhatsApp, barua pepe na kila njia nyingine ya kumfikia mteja kupitia intaneti.

Sasa mfikirie dalali wa nyumba. Hawezi kukupeleka kwenye nyumba asiyoijua. Lazima awe amepita mtaa ule, ameiona, ameiandika kwenye daftari lake: vyumba viwili, LUKU ya peke yake, maji ya DAWASA yapo, kodi laki mbili. Siku ukija na shida yako, anafungua daftari na kuchagua nyumba tatu ambazo anaamini hazitamtia aibu. Google inafanya hatua hizo hizo. Programu yake iitwayo Googlebot inapita tovuti hadi tovuti kwa kufuata viungo, inasoma kurasa, inazihifadhi kwenye orodha kubwa ambayo mafundi wanaiita faharasa, na mtu akiuliza ndipo inapochagua na kupanga. Tofauti na dalali wetu ni kwamba kwenye matokeo ya kawaida hakuna cha juu. Huwezi kuipa Google hela ya soda ili ikutangulize.

Watu wengi wanahangaika na hatua ya tatu, ya kupangwa juu, wakati tovuti zao zimekwama kwenye ya kwanza au ya pili. Tuanze huko.

Umo kwenye daftari?

Fungua Google, andika site: kisha ufuatishe anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zako, umeorodheshwa. Pasipokuja kitu, Google haina habari nawe, na hapo hata ukiandika makala mia moja hazitasaidia.

Sababu moja ninaikuta mara nyingi mno kwenye tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ndani ya mipangilio, sehemu ya usomaji, kuna kisanduku kidogo cha kuiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Fundi anakiwekea tiki wakati wa ujenzi, na anafanya vizuri, maana hakuna anayetaka nyumba ionyeshwe wageni ikiwa bado haijaezekwa. Kazi inaisha, mteja analipa, fundi anahamia kazi nyingine, tiki inabaki. Miezi inapita. Mwenye biashara anaamini kwamba "SEO haifanyi kazi Tanzania", kumbe tovuti yake yenyewe ndiyo inayoifukuza Google mlangoni. Kuondoa tiki hiyo ni kazi ya dakika moja.

Ukishahakikisha hilo, jiandikishe kwenye Google Search Console. Ni huduma ya bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, unawasilisha ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha kurasa zako, ambalo WordPress hulitengeneza lenyewe), kisha unasubiri. Search Console itakuambia ni kurasa zipi zimeorodheshwa, zipi zimekataliwa na kwa nini. Baada ya wiki kadhaa itakuonyesha jambo la thamani kubwa zaidi, yaani maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao. Tutayarudia maneno hayo.

Mteja anaandika nini?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo tovuti nyingi za biashara ndogo zinapoanguka.

Tuseme una karakana Keko. Ukurasa wa mbele wa tovuti yako umeandikwa: "Karibu kwenye kampuni inayoongoza kwa kutoa suluhisho bora za samani zenye viwango vya kimataifa." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Ila hakuna binadamu aliyewahi kukaa kitandani usiku na simu yake akaandika "suluhisho bora za samani". Mtu anayeoa mwezi ujao anaandika "kitanda cha 5 kwa 6 bei gani". Mama aliyehamia nyumba mpya Kigamboni anaandika "kabati la nguo milango mitatu". Mwingine anaandika "fundi sofa karibu nami". Mtanzania aliyeko Muscat, anayetaka kuwawekea wazazi wake meza ya chakula Tanga, anaandika "meza ya chakula viti sita mninga". Ikiwa maneno mninga, 5 kwa 6 na milango mitatu hayapo popote kwenye tovuti yako, Google itajuaje kwamba unavyo?

Kuyapata maneno ya wateja hakuhitaji programu ya kulipia. Anza kuandika "bei ya kitanda" kwenye Google bila kubonyeza kutafuta, usome mapendekezo yanayojileta chini. Hayo yanatokana na utafutaji halisi wa watu. Shuka hadi mwisho wa ukurasa wa matokeo, utakuta utafutaji mwingine unaohusiana. Kisha fungua WhatsApp yako ya biashara na usome maswali ya wateja ya miezi mitatu iliyopita. Binafsi naona hiyo WhatsApp inashinda vifaa vyote. Kama watu wamekuuliza mara kwa mara "mbao gani hiyo?", "mnaleta hadi Morogoro?", "inachukua siku ngapi?", basi hayo ndiyo maneno yako, na hayo ndiyo yanayotakiwa kujibiwa kwenye tovuti.

Kila bidhaa kuu au huduma kuu ipe ukurasa wake. Tovuti yenye ukurasa mmoja uitwao "Huduma zetu" wenye orodha ya vitu kumi na viwili, kila kimoja kwa mstari mmoja, haiipi Google cha kushika. Ukurasa wa vitanda uzungumzie vitanda. Kichwa chake, yale maneno ya rangi ya bluu ambayo mtu huyaona kwenye matokeo ya Google, kisiwe "Nyumbani" wala "Bidhaa". Kiwe kitu kama "Vitanda vya mninga na mkongo, 5x6 na 6x6, Keko Dar es Salaam". Kiwe kifupi, maana kikizidi takribani herufi 60 Google hukikata. Chini ya kichwa hicho Google huweka maelezo mafupi, ambayo unaweza kuyaandika mwenyewe. Hayakupandishi kwenye mpangilio, ila ndiyo yanayomfanya mtu abonyeze kwako badala ya kwa jirani.

Kisha ndani ya ukurasa andika kama unavyomweleza mteja aliyesimama mbele yako: mbao ni ya aina gani na imekaushwa vipi, ukubwa uliopo, droo zinawekwa au haziwekwi, unaanza kazi kwa malipo ya awali kiasi gani, inachukua siku ngapi, usafiri ndani ya Dar ni wa nani na wa mikoani unakuwaje.

Na bei. Najua utamaduni wetu: "Bei DM", "bei njoo inbox". Wafanyabiashara wana sababu zao. Mshindani ataiona, mteja atakimbia kabla hujampiga maneno, mbao zinapanda kila mara. Lakini "bei" ni miongoni mwa maneno ambayo mnunuzi wa kwetu huanza nayo anapotafuta, na Google haiwezi kusoma DM zako. Ukurasa usiotaja bei hauna jibu la swali linaloulizwa. Kama bei inabadilika, andika inapoanzia na inapoishia, uweke na tarehe: "Kuanzia shilingi fulani hadi fulani, bei za mwezi huu." Mteja anayekuja baada ya kuiona amekwisha kujipima mfuko, kwa hiyo hata mazungumzo yenu yatakuwa mafupi.

Kosa jingine la kwetu ni mabango. Mtu anatengeneza bango zuri, limeandikwa kila kitu: bidhaa, bei, simu, mahali. Analipandisha kwenye tovuti kama picha, na ukurasa hauna neno jingine lolote. Kwa jicho la mteja yapo maandishi. Kwa Googlebot ile ni picha, na faili linaitwa IMG_20240312. Maneno muhimu yaandikwe kama maneno. Picha nazo zipe majina yanayoeleweka, kama kitanda-mninga-5x6, na ujaze ile nafasi ya maelezo ya picha ambayo mfumo wa tovuti unakupa. Nafasi hiyo inawasaidia pia wasioona, ambao simu zao huwasomea kilichomo.

Lugha nayo huwachanganya wengi. Eti lazima tovuti iwe ya Kiingereza ndipo Google iikubali? Hapana. Google inasoma Kiswahili, na mtu anayetafuta kwa Kiswahili anastahili kukuta ukurasa wa Kiswahili. Uamuzi unategemea mteja wako ni nani. Mwenye gesti Nungwi anapokea Wataliano, Wajerumani na Wafaransa, kwa hiyo Kiingereza ni lazima, na akiweza ukurasa mmoja wa Kitaliano ulioandikwa na mtu anayekijua utamlipa. Muuza samani Keko anauza kwa watu wa Mbagala na Tabata. Kiingereza cha kampuni kubwa kinamfanyia nini? Nairobi mambo yako tofauti kidogo, maana huko watu huchanganya "sofa set price" na Kiswahili katika sentensi moja, na ukurasa mzuri unaweza kuchanganya vivyo hivyo.

Ramani kabla ya tovuti

Kama biashara yako inategemea watu wa karibu, kuna kitu kinachoweza kukuletea simu haraka kuliko tovuti yenyewe. Kinaitwa Google Business Profile (hadi mwishoni mwa 2021 kiliitwa Google My Business), nacho ni kile kisanduku kinachotokea na ramani, picha, saa za kazi, nyota na kitufe cha kupiga simu. Ni bure. Unajisajili, Google inathibitisha kwamba upo kweli, siku hizi mara nyingi kwa kukutaka urekodi video inayoonyesha mtaa, kibao chako na vifaa vyako vya kazi.

Google imeeleza wazi kwamba matokeo ya ramani hupangwa kwa mambo matatu: unavyoendana na kinachotafutwa, umbali kutoka aliko anayetafuta, na unavyojulikana. Umbali huna la kuufanya. Kuendana kunategemea aina ya biashara uliyochagua na maelezo uliyojaza, kwa hiyo usichague "duka" tu wakati ipo "duka la samani". Kujulikana kunatokana na maoni ya wateja, na kutajwa kwako kwingineko mtandaoni.

Shida yetu ya miaka mingi ilikuwa anwani: "shuka kituo cha mafuta, ingia kushoto, uliza kwa fundi". Baada ya operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mitaa mingi Tanzania ina vibao na nyumba zina namba, kwa hiyo itumie yako kama ipo. Kama haipo au haieleweki, hakikisha pini ya ramani imekaa juu ya paa lako kabisa, na utumie Plus Code, ule msimbo mfupi wa herufi na namba ambao Google Maps inautoa kwa kila mahali duniani. Fundi anayewafuata wateja majumbani, asiye na ofisi, anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia.

Jina la biashara liandike lilivyo kwenye kibao. Kulirefusha kwa kupachika "sofa bora bei nafuu Dar es Salaam" ni kuvunja masharti ya Google, na kunaweza kukufungia. Namba ya simu iandike kwa kuanzia na +255 au +254, maana yule wa Muscat akibonyeza namba inayoanza na 07 haitaita. Saa za kazi zibadilishe Ramadhani na sikukuu. Mteja aliyepanda bodaboda hadi kwako akakuta umefunga, na Google ilimwambia umefungua, atakuandikia maoni, na hayatakuwa mazuri.

Kuhusu maoni: waombe wateja walioridhika, siku ile ile unapokabidhi mzigo, kwa kuwatumia kiungo. Usinunue. Google inakataza kutoa zawadi au punguzo ili upewe nyota, na maoni ya kubuni hufutwa. Wateja wenyewe pia huyagundua, hasa wanapokuta watu kumi wameandika "Great service" siku moja. Mtu akilalamika, mjibu kwa adabu na kwa kueleza ulichofanya, kwa kuwa wanaosoma jibu lako ni wengi kuliko yeye.

Simu ya mteja, bando la mteja

Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzipima tovuti kwa sura zinayoionyesha kwenye simu, na Oktoba 2023 ikasema zoezi la kuzihamishia tovuti huko limekamilika. Kwa hiyo tovuti inayopendeza kwenye kompyuta ya aliyeijenga, na inayomlazimu mwenye simu kuvuta maandishi kwa vidole viwili, inahesabiwa mbovu.

Uzito ndio ugonjwa mkubwa. Picha iliyopigwa kwa simu ya siku hizi inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Weka picha kumi kama hizo kwenye ukurasa mmoja, mteja wa bando la siku ataondoka kabla ya ya pili haijatokea. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kubwa ya kuonekana kwenye ukurasa iwe imeshatokea ndani ya sekunde 2.5. Punguza upana wa picha, zihifadhi kwa WebP, muundo wa faili la picha ulio mwepesi, ondoa ile picha inayojibadilisha yenyewe juu ya ukurasa, kisha pima kasi ya ukurasa kwa kifaa cha Google kiitwacho PageSpeed Insights, ambacho nacho ni bure. Na tovuti iwe na kufuli la HTTPS, yaani njia inayolinda mawasiliano kati ya mteja na tovuti. Tangu 2014 Google inaihesabu kama alama ndogo ya kupandisha, na bila hiyo kivinjari cha mteja kinamwambia tovuti si salama, jambo linaloua biashara kabla hujaongea.

Yanayosemwa, na ukweli wake

"Ukilipia matangazo ya Google, unapanda na kwenye matokeo ya kawaida." Hapana. Ni mifumo miwili iliyotenganishwa. Ukiacha kulipa, tangazo linaondoka siku hiyo hiyo na nafasi yako ya kawaida inabaki ilivyokuwa.

"Jaza maneno muhimu mengi, hata kwa kuyaficha." Ile sehemu ya siri ya maneno muhimu kwenye msimbo wa tovuti, ambayo bado inauzwa kama "maneno 50 ya SEO", Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Anayekuuzia leo anakuuzia bidhaa iliyoisha muda. Kuyarudia maneno kwenye ukurasa hadi usomeke kama wimbo ulioharibika ni kibaya zaidi. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye Google kwa kutumia kurasa za ujanja zilizojazwa maneno kwa ajili ya mtambo, tofauti na walizoziona wateja. Kama BMW iliondolewa, mimi na wewe je?

"Nunua viungo elfu moja." Msingi wake ni wa kweli. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, kiungo kutoka tovuti nyingine kimehesabiwa kama ushahidi kwamba una thamani. Ndiyo maana watu wakaanza kuvifanyia biashara. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka kubwa la Marekani, JC Penney, lilikuwa likitokea juu kwa bidhaa za kila aina kwa msaada wa maelfu ya viungo kwenye tovuti zisizohusiana nalo kabisa. Google ililishusha, na duka likaachana na kampuni iliyokuwa ikilifanyia SEO. Mwaka uliofuata ikaja Penguin, mabadiliko ya Google kwenye mfumo wake wa kupanga matokeo yaliyolenga viungo vya aina hiyo. Viungo vyako vitafute kwa watu wanaokujua kweli: msambazaji wako wa mbao, chama cha wafanyabiashara, hoteli uliyoitengenezea samani, blogu ya harusi. Vitano vya namna hiyo vinatosha kwa kuanzia.

"Mbona mimi nikijitafuta natokea wa kwanza?" Kwa sababu umekaa ndani ya duka lako, simu yako inajua ulipo, na umeifungua tovuti hiyo mara nyingi. Aliye Mbezi anaona kingine. Amini Search Console.

"Akili mnemba (AI) itaniandikia makala mia tano." Itaziandika. Machi 2024 Google iliingiza kwenye sera zake za taka uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa lengo la kuwahi nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kutumia mashine ikusaidie kupanga sentensi si kosa. Kosa ni kumwaga kurasa zisizo na kitu ambacho wewe peke yako unakijua.

Instagram, matangazo, na kwa nini bado uwe na chako

Instagram na TikTok zinauza, sibishi. Mtu anaona sofa, anaipenda, ananunua kitu ambacho asubuhi hakukipanga. Google inamleta mtu mwenye shida tayari mkononi. Ni wateja wa aina mbili, na biashara yenye nguvu inawahitaji wote. Ila tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, na waliokuwa na duka humo pekee walifungiwa duka siku hiyo. Akaunti inaweza kudukuliwa pia, au kufungwa kwa malalamiko ya mtu. Weka kiungo cha tovuti kwenye wasifu wako wa Instagram, na kwenye kila ukurasa wa tovuti weka kitufe cha WhatsApp kinachofungua mazungumzo moja kwa moja.

Matangazo ya kulipia yana nafasi yake, hasa mwanzoni, wakati SEO haijaanza kuzaa. Google huyauza kwa mnada unaotazama dau lako pamoja na ubora wa tangazo na wa ukurasa unaompeleka mteja, hivyo ukurasa mbovu unakufanya ulipe zaidi. Anza na hela ambayo ikipotea hutalala njaa, chagua eneo dogo, peleka tangazo la kitanda kwenye ukurasa wa kitanda.

Majibu ya akili mnemba, ambayo Google ilianza kuyaweka juu ya matokeo nchini Marekani Mei 2024 na baadaye nchi nyingi, yamewatia watu hofu kwamba SEO imekufa. Tovuti zilizoishi kwa kujibu maswali ya jumla zina haki ya kuogopa. Lakini mashine haichongi kitanda. Anayetafuta fundi wa Keko bado atahitaji jina, bei, picha na namba ya simu, na majibu hayo yenyewe yanaokotwa kwenye kurasa za watu.

Ukiamua kumlipa mtu

Wapo wataalamu wazuri, na kuna kazi zinazowahitaji, kama kuhamisha tovuti au kurekebisha tovuti nzito. Mtu wa kweli atakuuliza maswali kuhusu wateja wako kabla ya kutaja bei. Hatakuahidi nafasi ya kwanza, kwa sababu Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha. Wala hatakuambia siku 7. Maelezo ya Google ni kwamba mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka kabla ya faida kuonekana.

Ripoti yake isiwe picha ya simu inayoonyesha "uko wa kwanza". Ikae kwenye Search Console: maneno gani yaliongezeka, kurasa zipi zinaonekana mara nyingi ila hazibonyezwi, kwa hiyo vichwa vyake vibadilishwe. Maneno yanayokuweka nafasi ya 11 hadi 15 ndiyo ya kuyafanyia kazi kwanza, maana uko karibu na ukurasa wa kwanza. Wewe upande wako, kila mteja mpya muulize amekujuaje, uandike kwenye daftari la mauzo.

Kabla hujatoa malipo ya awali, maliza suala la umiliki. Kikoa, yaani anwani ya tovuti inayoishia na .co.tz, .co.ke au .com, hulipiwa kila mwaka, na mafundi wengi hukisajili kwa jina na barua pepe zao. Mkikosana, au fundi akibadilisha namba, tovuti, barua pepe za ofisi na miaka yako yote ya kujulikana Google vinakwenda naye. Kikoa kiwe kwa jina la biashara yako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, na tarehe ya kukilipia iwe kwenye kalenda yako. Search Console na Business Profile vifunguliwe kwenye akaunti yako, fundi umwongeze kama mtumiaji anayeweza kuondolewa. Mtu akikuambia utaratibu wake hauruhusu hivyo, tafuta mwingine.